Harufu ya Lozi Pasipo Lozi: Amaretto na Hesabu ya Lishe Yake

Amaretto ni kileo kitamu cha Kiitalia, chenye rangi ya kaharabu na harufu nzito ya lozi, na katika chupa yake iliyo mashuhuri kuliko zote hakuna lozi hata punje moja. Naanza na jambo hilo kwa makusudi, kwa sababu ndilo linaloondoa dhana ambayo nimekuwa nikikutana nayo tangu nilipoanza kazi katika jiko la keki na vitindamlo nje kidogo ya jiji la Milano, yaani dhana kwamba kinywaji hiki, kwa kuwa kinanukia lozi, kina lishe ya lozi. Mama yangu mdogo, anayeishi Tanga, alinipigia simu siku moja akiwa na wasiwasi juu ya jirani yake, ambaye aliletewa chupa kutoka Ulaya na kushauriwa anywe kijiko kimoja kila usiku ili apate nguvu. "Mwanangu," aliniuliza, "hicho kitu ni dawa au ni pombe?" Nilimjibu kwamba ni pombe, tena yenye sukari nyingi, na kwamba jirani akitaka faida za lozi ni heri anunue lozi zenyewe. Jibu lile lilitosha kwa simu, lakini jambo lenyewe linastahili kuelezwa kwa kirefu, pamoja na hesabu ambayo msomaji anaweza kuirudia mwenyewe kwa karatasi na kalamu.

Nyumbani kwa amaretto ni Saronno, mji wa mkoa wa Lombardia ulio kaskazini-magharibi mwa Milano, ambako treni kutoka kituo cha Cadorna hufika kwa muda wa chini ya nusu saa. Mwaka 1525 mchoraji Bernardino Luini alikuwa akipamba kuta za kanisa la Bikira Maria wa Miujiza mjini humo, na michoro yake bado ipo, rangi zake zikiwa za kupendeza mno hata kwa mtu ambaye hana mazoea ya kutazama sanaa za kanisani. Masimulizi ya mji yanasema kwamba mjane mmoja mwenye nyumba ya wageni alikubali sura yake itumike kumchora Bikira Maria, kisha akamshukuru mchoraji kwa kumpa kinywaji alichokitengeneza kwa kuloweka viini vya kokwa za aprikoti katika brandi. Michoro ni historia. Mjane na kinywaji chake ni hadithi, ingawa ni hadithi inayopendwa sana na wenyeji. Kampuni inayotengeneza Disaronno, amaretto iliyo mashuhuri kuliko zote, inaihesabu hadithi hiyo kuwa asili ya kinywaji chake, ilhali familia ya Lazzaroni, ambayo ni ya watengenezaji wa biskuti, inaeleza asili nyingine, kwamba tangu mwaka 1851 wao huloweka biskuti zao za amaretti ndani ya alkoholi na kuiacha ifyonze ladha. Disaronno ina asilimia 28 ya alkoholi kwa ujazo, na amaretto ya Lazzaroni ina asilimia 24.

Harufu inayotajwa kuwa ni ya lozi haitoki katika lozi tamu ambazo watu hula. Lozi tamu ikitafunwa mbichi hutoa ladha laini ya mafuta na maziwa, wala haina ule ukali unaopanda puani mara chupa ya amaretto inapofunguliwa. Ukali ule ni wa lozi chungu, na pia wa viini vilivyomo ndani ya kokwa za aprikoti, pichi na cheri, matunda ambayo yote ni ya ukoo mmoja na mlozi. Ndani ya viini hivyo mna kiambata kinachoitwa amigdalini, ambacho wakemia wa Kifaransa Robiquet na Boutron-Charlard walikitenga mwaka 1830, na ambacho Wöhler na Liebig wa Ujerumani walieleza mwaka 1837 jinsi kinavyovunjika. Kiini kikikaa kikavu na kizima, hakinuki karibu chochote. Ukikitoa ndani ya kokwa ya aprikoti utaona kinafanana na lozi ndogo iliyonenepa, chenye ngozi ya kahawia inayovuka kwa urahisi kikimwagiwa maji ya moto, na cheupe ndani. Ukikiponda kinuni pamoja na maji kidogo, baada ya dakika chache harufu huanza kupanda na kujaa jikoni, kwa sababu maji yamekutanisha amigdalini na kimeng'enya ambacho hapo awali kilikuwa kimetengwa nayo. Kinachotokea ni kwamba amigdalini inavunjika na kutoa vitu vitatu, ambavyo ni glukosi, benzaldehidi na sianidi ya hidrojeni. Benzaldehidi ndiyo harufu yenyewe tunayoisifu. Sianidi ni sumu inayoua.

Hapo ndipo ninapolazimika kutoa onyo kabla ya kuendelea na lishe, kwa kuwa mapishi ya kutengeneza amaretto nyumbani kwa kuloweka viini vya aprikoti yanasambaa sana mitandaoni. Watengenezaji wa viwandani hutumia mafuta au arki ya harufu ambayo sianidi yake imeondolewa, na sheria za Umoja wa Ulaya huweka kikomo cha sumu hiyo katika vileo vya matunda yenye kokwa. Mtu aliyeko nyumbani hana kipimo wala mtambo wa kuiondoa. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilitangaza mwaka 2016 kwamba mtu mzima akila zaidi ya viini vitatu vidogo vya aprikoti vikiwa vibichi kwa mara moja anaweza kuvuka kiwango kilicho salama, na kwamba kwa mtoto mdogo hata kiini kimoja kidogo kinaweza kuvuka kiwango hicho. Kwa hiyo yeyote anayefikiria kuloweka kokwa kabatini aache.

Sasa nije kwenye lishe. Ili kujua kilichomo ndani ya glasi ya amaretto, mtu anahitaji kujua mambo mawili tu, yaani kiasi cha alkoholi na kiasi cha sukari, kwa sababu protini haipo, mafuta hayapo, nyuzinyuzi hazipo, na vitamini na madini havifikii kiasi cha kutajwa. Tuchukue amaretto yenye asilimia 28. Katika mililita 100 mna mililita 28 za alkoholi, na kwa kuwa mililita moja ya alkoholi ina uzito wa takriban gramu 0.79, hizo ni kama gramu 22. Kila gramu ya alkoholi hutoa kilokalori 7, nyingi kuliko gramu ya sukari, ambayo hutoa 4, na zinazokaribia gramu ya mafuta, ambayo hutoa 9. Alkoholi peke yake, basi, inatupatia kilokalori 155. Kuhusu sukari, sheria ya Ulaya inataka kinywaji kinachouzwa kwa jina la likeri, yaani kileo kilichotiwa sukari na ladha kama amaretto, kiwe na sukari isiyopungua gramu 100 kwa lita, na amaretto kwa kawaida huvuka mpaka huo kwa mbali, kwa hiyo nitachukua mfano wa gramu 25 katika mililita 100, ambazo ni kilokalori 100 zaidi. Jumla ni kilokalori 255 hivi kwa mililita 100.

Hakuna anayekunywa mililita 100 kwa kawaida. Glasi ndogo ambayo Waitalia huimimina baada ya chakula cha jioni huwa na mililita 40 hivi, na humo, kwa mfano wetu, mna alkoholi karibu gramu 9, sukari gramu 10 na kilokalori 102. Sukari hiyo ni sawa na vijiko viwili na nusu vya chai. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015 kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwamba ingekuwa bora zaidi isipofika asilimia 5. Kwa mtu anayetumia kilokalori 2,000 kwa siku, hizo ni gramu 50 na gramu 25. Glasi mbili ndogo zinakaribia kumaliza kiwango hicho cha pili kabla hatujahesabu chai ya asubuhi, mkate wala soda. Hata hivyo naomba msomaji aone kwamba zaidi ya nusu ya nishati iliyomo inatoka katika alkoholi. Wapo wanaotafuta amaretto "isiyo na sukari nyingi" wakidhani wamepata ile inayofaa kwa anayetaka kupunguza uzito, ilhali sehemu kubwa ya nishati imebaki mahali pake.

Linganisha na lozi. Gramu 28 za lozi tamu, ambazo ni konzi moja ya mkono, zina kilokalori takriban 164, gramu 6 za protini, gramu 14 za mafuta ambayo mengi ni yale yasiyodhuru moyo, gramu tatu na nusu za nyuzinyuzi, miligramu 7 za vitamini E na miligramu 76 hivi za magnesi. Ndicho chakula kinachosifiwa na wataalamu wa lishe. Sababu ya wema wote huo kutofika katika chupa si siri. Benzaldehidi ni kitu kinachopaa; hupanda pamoja na mvuke na kukusanywa kwa upande wa pili wa mtambo, wakati protini, nyuzinyuzi na madini hubaki katika makapi. Hata mtengenezaji anayetumia lozi halisi au biskuti anachukua harufu na ladha tu, na makapi huchujwa. Kwa hiyo kusema kwamba kinywaji hiki kina vitamini E kwa sababu kinanukia lozi ni sawa na kutarajia kushiba kwa moshi wa nyama choma ya jirani.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba mnunuzi hasaidiwi na lebo. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 1169 ya mwaka 2011, ambayo inamlazimisha mtengenezaji wa biskuti na mtindi kuandika nishati, sukari, mafuta na chumvi, inavisamehe vinywaji vyenye alkoholi inayozidi asilimia 1.2. Vilevile inavisamehe kuorodhesha viambato, isipokuwa vile vinavyoleta mzio. Kwa upande wa mvinyo hali ilibadilika mnamo Desemba 2023, lakini vileo vikali na likeri vimebaki chini ya hiari ya watengenezaji, ambao baadhi yao walikubaliana mwaka 2019 kuanza kutoa taarifa ya nishati kwa utaratibu wao wenyewe. Mtu anaponunua pakiti ya biskuti za amaretti dukani Milano anasoma kila gramu iliyomo. Akinunua chupa ya amaretto kutoka rafu inayofuata, mara nyingi anasoma asilimia ya alkoholi na ujazo wa chupa, basi. Naamini msamaha huo hauna hoja nzuri. Chupa ina nafasi ya kutosha kwa namba mbili.

Kuhusu mwili, ningependa kukaa kwa kitambo juu ya watu wenye kisukari, kwa sababu ndio ninaowahofia zaidi ninaposikia ushauri wa "kijiko cha usiku". Akili ya kawaida humwambia mtu kwamba kinywaji kitamu kitapandisha sukari ya damu, na huo ni ukweli wa saa za mwanzo. Baada ya hapo ini, ambalo kazi yake mojawapo ni kutengeneza glukosi na kuiingiza katika damu wakati mtu hajala, hushughulika na alkoholi kwanza na kupunguza kazi hiyo. Kwa anayetumia insulini au vidonge vinavyolazimisha kongosho kutoa insulini, sukari inaweza kushuka saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku akiwa amelala, na dalili zake, ambazo ni kutetemeka, jasho na kuchanganyikiwa, hufanana na ulevi kiasi kwamba walio karibu naye wanaweza kumwacha alale wakidhani amelewa. Sukari iliyokuwa ndani ya likeri haimkingi, kwa kuwa imekwisha kutumika mapema. Mtu wa namna hiyo azungumze na daktari wake kabla ya kuonja, na asinywe kabisa akiwa na tumbo tupu.

Yaliyobaki yanajulikana na nitayapita haraka. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliviweka vinywaji vyenye alkoholi katika kundi la visababishi vya saratani tangu mwaka 1988, na mwanzoni mwa mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani kanda ya Ulaya lilisema wazi kwamba hakuna kiwango cha alkoholi kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Mjamzito asinywe. Anayetumia dawa ya metronidazo, ambayo hutolewa kwa wingi katika zahanati zetu za Afrika Mashariki, asinywe mpaka daktari amruhusu.

Suala la mzio linahitaji uangalifu wa aina yake, kwa sababu majibu hutofautiana kutoka chupa hadi chupa. Anayedhurika kwa lozi hudhuriwa na protini zake, si na benzaldehidi, na ndiyo maana kampuni ya Disaronno inaweza kueleza kwamba kinywaji chake hakina lozi wala karanga za aina yoyote. Kauli hiyo ni ya kampuni moja. Wengine hutumia lozi, na wengine hutumia mchanganyiko, kwa hiyo mimi jikoni sikubali kumwambia mteja mwenye mzio kwamba "amaretto haina neno" bila kusoma chupa iliyo mbele yangu, na kama lebo haielezi, kitindamlo hicho hapewi.

Nije kwenye jambo la kazi yangu mwenyewe, ambalo wasomaji wengi wa pwani na wa Ghuba huniuliza kwa sababu hawatumii kileo: je, alkoholi haiishi kwa moto? Haiishi yote. Majedwali ya Idara ya Kilimo ya Marekani yanaonyesha kwamba kileo kilichochanganywa katika chakula na kupikwa dakika 15 hubakiza asilimia 40 hivi ya alkoholi yake, kwa dakika 30 asilimia 35, kwa saa moja asilimia 25, na kwamba hata baada ya saa mbili na nusu hubaki kama asilimia 5. Ule mtindo wa kuwasha moto juu ya kikaango mbele ya wageni, ambao hupendeza macho, huacha takriban robo tatu. Na kitindamlo kisichopikwa kabisa, kikilala katika friji usiku mmoja, hubaki na asilimia 70. Chukua trei ya tiramisu ya watu wanane iliyotiwa mililita 60 za amaretto katika kahawa ya kulowekea biskuti: humo mliingia gramu 13 za alkoholi, kesho yake zimebaki gramu 9 hivi, na kila mlaji anapata zaidi kidogo ya gramu moja. Ni kiasi kidogo kwa mtu mzima anayekunywa. Kwa mtoto, kwa aliyeacha pombe na anahangaika asiirudie, na kwa Mwislamu aliyekaribishwa mezani kwa nia njema, udogo huo haumpi mpishi ruhusa ya kunyamaza.

Inafaa wasomaji hao wajue mambo mawili. La kwanza ni kwamba biskuti za amaretti, licha ya jina lao, si lazima ziwe na kileo. Msingi wake ni sukari, ute wa yai na lozi au viini vya aprikoti vilivyosagwa, na orodha ya viambato ipo kwenye pakiti. La pili ni kwamba tiramisu kama ilivyoanzishwa katika mkahawa wa Le Beccherie mjini Treviso haikuwa na kileo chochote. Amaretto, marsala na ramu viliongezwa na wapishi waliofuata.

Ninapoandaa kitindamlo kwa wageni wasiotumia kileo huchukua lozi tamu zenye ngozi, nikazitia katika oveni yenye nyuzi 160 kwa dakika 12 hivi, mpaka ndani ziwe na rangi ya hudhurungi hafifu na ngozi ianze kupasuka. Nazisaga zikiwa bado na joto, nazichemsha taratibu katika maziwa, naziacha zipoe humo humo, na sehemu kubwa ya unga wake naibakiza katika krimu badala ya kuichuja, ili protini na nyuzinyuzi zimfikie mlaji. Ladha yake ni ya lozi iliyokaangwa, tofauti na ule ukali wa chupa ya Saronno, na anayetamani ukali huo anaweza kuongeza matone mawili matatu ya arki ya lozi, mradi asome kwanza kichupa chake, kwa kuwa arki nyingi za dukani zimeyeyushwa katika alkoholi, na zile zilizoyeyushwa katika glisirini au mafuta huandikwa hivyo kwenye lebo.